Samadi, gesi au makaa ya mawe? Hesabu ya moto wa jikoni Tarime na Serengeti

Tangu Januari 31, 2024, taasisi zinazopika chakula cha watu zaidi ya 100 kwa siku hapa nchini zimetakiwa ziwe zimeachana na kuni na mkaa. Agizo hilo la Serikali linazihusu shule za bweni, vyuo, magereza na kambi, na limezigusa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara kama lilivyogusa wilaya nyingine.

Kutoa agizo ni jambo moja, na chakula kuiva ni jambo jingine. Mkuu wa shule mjini Mugumu ana sufuria za makande zinazosubiri moto. Mama lishe wa Sirari, ambaye agizo hilo halimbani, anaona gunia la mkaa likizidi kupanda bei. Mkulima wa kahawa na migomba wa Muriba anaona kuni zinafuatwa mbali zaidi kuliko enzi za mama yake. Wote watatu wanauliza swali moja: tukiacha kuni na mkaa, tupikie nini?

Moja ya majibu yanayotolewa ni mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe. Majibu mengine ni gesi ya mitungi, umeme, bayogesi na mkaa wa mabaki ya mazao. Kila moja lina wafanyabiashara na watetezi wake. Lakini kwa mkulima na mchuuzi wa Mara swali la kwanza ni la mfukoni: kila shilingi inayonunua moto inakwenda wapi, na inarudi na nini nyumbani?

MAKAA YA MAWE YALIVYOFIKA JIKONI

Makaa ya mawe si mkaa wa miti. Ni mabaki ya mimea iliyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita ikagandamizwa hadi ikawa mwamba mweusi unaowaka. Tanzania imejaliwa kuwa nayo, hasa kusini na kusini magharibi. Migodi inayofahamika zaidi ni Kiwira, mpakani mwa mikoa ya Mbeya na Songwe, na Ngaka, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011.

Kwa miaka mingi makaa hayo yamekuwa chakula cha viwanda. Viwanda vya saruji huyatumia kuchomea chokaa na udongo katika matanuri yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Mwaka 2016 Serikali ilizuia uingizaji wa makaa ya mawe kutoka nje ili viwanda vinunue ya hapa nchini. Kwa upande wa umeme, gridi ya Taifa imeegemea maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024.

Kwa hiyo Tarime na Serengeti hazijawahi kuwa na bomba la moshi wa makaa ya mawe. Hata mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo haukujengwa juu ya nishati hiyo. Yanakuja sasa kwa njia nyingine, kupitia jikoni. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) huchukua makaa ya mawe ya Kiwira, huyachakata na kuyafinyanga kuwa vitofali vinavyoitwa Rafiki Briquettes, na walengwa wakubwa ni taasisi zilizobanwa na agizo la kuacha kuni. Viwanda vyake viko Kiwira na Kisarawe mkoani Pwani.

Hoja ya wanaoutetea mkaa huo ni ya msingi na haifai kubezwa. Takwimu za Serikali zinaonyesha kuwa nchi hupoteza hekta zipatazo 469,000 za misitu kila mwaka, na kuni na mkaa ni miongoni mwa sababu kubwa. Tanuri la kienyeji la udongo hula kilo nane hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kila gunia linaloingia Mugumu kwa baiskeli au pikipiki limeacha nyuma yake mzigo wa miti ambao hakuna aliyeuona. Kitofali cha makaa ya mawe hakikati mti hata mmoja.

TANI 13 KWA MWENDO WA KILOMITA 1,000

Tatizo la kwanza ni umbali. Kutoka Kiwira hadi Tarime ni zaidi ya kilomita 1,000, na kutoka Kisarawe hali ni hiyo hiyo. Mfanyabiashara yeyote anajua kuwa bidhaa nzito yenye bei ndogo humezwa na nauli.

Chukua mfano wa shule ya bweni yenye wanafunzi 400 inayotumia nusu kilo ya kuni kwa mwanafunzi kwa siku. Hizo ni kilo 200 kwa siku, na kwa siku 200 za masomo ni tani 40 kwa mwaka. Mafiga matatu ya wazi hutumia sehemu ndogo tu ya joto la kuni, takriban asilimia 12, na joto linalobaki hupotea hewani.

Shule hiyo ikihamia vitofali vya makaa ya mawe, kilo moja inaweza kushika nafasi ya kilo tatu hivi za kuni. Itahitaji kilo 60 hadi 70 kwa siku, sawa na tani 13 kwa mwaka. Ikihamia gesi ya mitungi, kilo moja ya gesi katika jiko zuri hufanya kazi ya kilo 13 hivi za kuni. Itahitaji takriban kilo 15 kwa siku, yaani tani tatu kwa mwaka.

Gesi nayo inatoka mbali. Huingia nchini kwa meli kupitia bandari za Dar es Salaam na Tanga, na bei yake hufuata soko la dunia. Lakini mzigo wa tani tatu na mzigo wa tani 13 haviwezi kuwa na nauli moja. Ndiyo maana mkuu wa shule au mzabuni anayelinganisha bei ya kilo kwa kilo anajidanganya. Kinachofaa kulinganishwa ni gharama ya kuivisha sufuria moja ya maharage, ikiwa imejumlishwa nauli, jiko lenyewe na mtu wa kuwasha moto.

MOSHI NA MAJIVU

Tatizo la pili ni afya. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, lilishauri kuwa makaa ya mawe ambayo hayajachakatwa yasitumike kabisa kama nishati ya nyumbani. Moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa majumbani umewekwa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani.

Vitofali vilivyochakatwa hupunguza moshi unaoonekana kwa macho, na hilo ni hatua. Hata hivyo, moto usio na moshi si lazima uwe salama. Makaa yoyote, ya miti au ya mawe, yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Makaa ya mawe huweza pia kutoa hewa ya salfa inayowasha macho na koo. Taasisi inayoyatumia inahitaji jiko la kujengwa lenye bomba la kutolea hewa nje, na jiko hilo halifai kuhamishiwa bwenini usiku wa baridi.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima wa Mara hana budi kulijua. Majivu ya kuni yana kazi nyingi shambani: humwagwa kwenye mashina ya migomba, na wapo wanaoyachanganya na maharage au mahindi ghalani kuzuia wadudu. Majivu ya makaa ya mawe si mbolea na si dawa ya ghala. Huweza kuwa na madini yenye sumu kama arseniki, kwa hiyo yatupwe mbali na bustani, kisima na chakula.

Nje ya jiko kuna suala la hali ya hewa. Uingereza, ambayo mwaka 1882 ilifungua jijini London kituo cha umeme wa makaa ya mawe kwa ajili ya umma, ilizima kituo chake cha mwisho cha aina hiyo, Ratcliffe-on-Soar, Septemba 30, 2024. Jirani zetu Kenya walipanga kujenga Lamu kituo cha megawati 1,050, lakini Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya nchi hiyo ilifuta kibali chake, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari ilikuwa na kasoro. Sababu kubwa ya nchi kuyakimbia makaa haya ni hewa ya ukaa, ambayo huongeza joto duniani. Kahawa ya arabika inayolimwa milimani Tarime haipendi joto, na mkulima wa mahindi wa Serengeti hahitaji kuelezwa maana ya mvua inayochelewa.

NG'OMBE WATATU WA BANDANI

Jibu lililo karibu zaidi na mkulima wa Tarime limelala zizini. Ng'ombe mmoja anayefugwa bandani hutoa kilo 10 au zaidi za samadi kwa siku, na kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za bayogesi. Ng'ombe watatu, kwa kilo 30, watatoa lita 1,200 hivi. Jiko moja la bayogesi hutumia kati ya lita 300 na 400 kwa saa, kwa hiyo familia inapata moto wa saa tatu hadi nne kila siku, unaotosha chai ya asubuhi, ugali na mboga.

Gesi hiyo hushika nafasi ya kilo mbili hivi za mkaa kwa siku, yaani zaidi ya kilo 700 kwa mwaka. Kwa tanuri la kienyeji, kilo hizo 700 zingegharimu tani tano na nusu hadi saba za kuni.

Utaratibu wake ni rahisi. Samadi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, ndoo kwa ndoo, na kumiminwa katika shimo lililojengwa kwa matofali na saruji kwa umbo la kuba, lisilopitisha hewa. Vijidudu vilivyomo huozesha mchanganyiko huo na kutoa gesi, ambayo husafiri kwa bomba hadi jikoni. Tope linalobaki husukumwa nje lenyewe. Tope hilo ni mbolea iliyokwisha kuoza na kubaki na rutuba yake, na migomba, kahawa na mboga huipenda. Kwa mwenye shamba dogo la milimani, faida ya tope huenda ikazidi ya gesi, maana mbolea ya dukani nayo hupanda bei.

Teknolojia hii si ngeni nchini. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) cha Arusha kimeshughulika nayo kwa miongo kadhaa, na kuanzia mwaka 2009 kilisimamia mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani, uliojenga maelfu ya mitambo na kufundisha mafundi.

Pamoja na hayo, ipo mitambo mingi nchini iliyokufa, na sababu zake zinafanana: mwenye nyumba aliuza ng'ombe, maji yalikuwa mbali, au fundi hakupatikana pale bomba lilipoziba. Mtambo huu ni kama ng'ombe wa maziwa, usipolishwa kila siku haukamuliki. Anayetaka kujenga ajibu kwanza maswali matatu. Je, ana samadi ya kilo 20 hadi 30 kila siku? Je, ana maji ya kiasi hicho hicho karibu na nyumba? Je, fundi atakayejenga atarudi akiitwa? Likikosekana jibu la ndiyo kwa swali moja, asubiri.

SERENGETI SI TARIME

Maswali hayo ndiyo yanayozitenganisha wilaya hizi mbili. Nyanda za juu za Tarime zina mvua, chemchemi, mashamba madogo na mifugo inayoweza kufugwa bandani na kulishwa matete. Ufugaji huo una faida nyingine inayoeleweka vizuri Ukuryani: ng'ombe aliye bandani nyuma ya nyumba hulindwa kwa urahisi kuliko aliye malishoni.

Ukishuka Serengeti kuelekea Issenye, Natta na Robanda, ng'ombe ni wengi lakini hutembea. Samadi yao nyingi hubaki malishoni, na inayopatikana ni ile ya usiku tu zizini. Familia itahitaji mara mbili ya idadi ya ng'ombe kupata gesi ile ile. Maji nayo yakipungua kiangazi, ndoo ya mtambo hushindana na ndoo ya kunywa. Baadhi ya kuni za karibu ziko ndani ya mipaka ya hifadhi, ambako kukata mti ni kosa.

Kwa vijiji kama hivyo, hatua ya kwanza yenye gharama ndogo ni jiko banifu. Kwa taasisi, jiko la kujengwa lenye chungu kilichokaa vizuri na bomba la moshi huweza kupunguza kuni kwa nusu au zaidi, ingawa halitoshi kutimiza agizo la kuacha kuni. Kwa kaya, jiko la udongo lililofinyangwa vizuri huokoa mizigo kadhaa ya kuni kwa mwezi, na anayeokolewa hasa ni mwanamke anayeibeba kichwani.

Hatua ya pili ni kupanda miti kama zao. Migrivea na lukina mipakani mwa shamba huleta kuni bila kuua mahindi, na lukina ni lishe ya mifugo pia. Mikaratusi hukua haraka na ina soko la nguzo na mbao, lakini isipandwe penye chemchemi kwa kuwa hunywa maji mengi. Somo hili linawahusu pia waliowahi kukausha tumbaku na wanaochoma matofali, kazi mbili zilizokula miti mingi katika wilaya hizi. Mchoma matofali asiye na shamba la miti anauza mtaji wa jirani yake.

MAMA LISHE NA UNITI YA UMEME

Mjini hesabu ni nyingine. Mama lishe wa Sirari au Tarime mjini hana zizi, lakini ana barabara ya lami inayoleta mitungi na ana nguzo ya umeme mlangoni. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa katika jiko la kawaida. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unalingana na kilo 60 za mkaa. Achukue bei ya mtungi siku hiyo, aigawe kwa 60, halafu ailinganishe na bei ya kilo ya mkaa sokoni. Jibu litakalotoka ni la Sirari, si la Dar es Salaam.

Kikwazo cha mchuuzi wengi hukiona siku ya kulipa. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya mauzo ya jana, wakati mtungi hudai fedha yote kwa mkupuo. Hapo ndipo vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kufanya kazi kubwa kuliko matangazo: wanachama kumi wakichangiana kwa zamu, kila mmoja hupata jiko na mtungi bila kukopa kwa riba kubwa.

Umeme nao hauogopeshi kama inavyodhaniwa. Sufuria ya presha ya umeme, iliyofunikwa kuzuia joto lisipotee, huivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Tatizo ni kuufikia umeme wenyewe. Serikali ilitangaza kuwa umeme umevifikia karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, lakini kazi iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Nguzo iliyosimama penye ofisi ya kijiji haipiki ugali wa kitongoji kilicho ng'ambo ya bonde.

Kwa vijana, hapa pana biashara. Pumba za mpunga, vumbi la mbao na magunzi ya mahindi huweza kuchomwa kwa hewa kidogo ndani ya pipa hadi yawe mkaa, yakasagwa, yakachanganywa na uji wa unga wa muhogo, yakafinyangwa na kuanikwa juani. Mkaa huo huwaka polepole na unafaa kwa chakula kinachochemka muda mrefu. Tofauti yake na kitofali cha makaa ya mawe ni kwamba malighafi, kazi na faida vyote hubaki Mara.

SHULE IFANYEJE?

Kwa mkuu wa shule aliyebanwa na agizo, samadi peke yake haitoshi. Shule ya wanafunzi 400 ingehitaji samadi ya ng'ombe wapatao 80 wa bandani kupikia kila kitu, na hakuna shule yenye zizi hilo. Lakini vyoo vyake vinaweza kuchangia sehemu. Nchini Rwanda, Gereza la Cyangugu lilijengewa mtambo wa bayogesi inayotokana na vyoo, kazi iliyofanywa na taasisi ya KIST ya Kigali. Magereza ya nchi hiyo yaliyopata mitambo ya namna hiyo yalipunguza kuni kwa karibu nusu, na kazi hiyo ikapewa tuzo ya Ashden mwaka 2005.

Mpango wenye akili kwa shule ni wa mchanganyiko: bayogesi ya vyoo na ng'ombe wachache kwa uji na chai, gesi ya mitungi kwa makande na ugali, na umeme pale ulipo wa uhakika. Vitofali vya makaa ya mawe vinaweza kuwa akiba ya dharura, kwa sharti la jiko lenye bomba na nauli iliyohesabiwa mapema.

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri, lakini historia inaonya. Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa nchi nzima kabla wananchi hawajapata mbadala. Bei ililipuka, na marufuku hiyo haikudumu.

Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kuepuka kosa hilo kwa kuanza na mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi: kuwajua mafundi wa bayogesi waliopo na kuwapa kazi, kuwatumia maofisa ugani kupima samadi na maji ya kaya zinazotaka mitambo, na kuzitaka shule zilete hesabu ya gharama ya sufuria badala ya bei ya kilo. Mkulima naye asisubiri semina. Ndoo ya lita 20, mizani ya kuazima na wiki moja ya kupima samadi zizini vinatosha kumwonyesha kama moto wake uko nyuma ya nyumba au uko Kiwira.